Tuta la udongo korongoni Kinyerezi: lina bomba, halina njia ya maji yakizidi. Tufanyeje kabla ya masika?

MamaSalha_Kifuru

Habari za leo wadau. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kujenga malambo au matuta ya udongo kwa mikono yake, maana maneno ya vijiweni nimeshayasikia ya kutosha.

Huku kwetu, kwenye miteremko ya Kinyerezi upande wa Kifuru, kuna korongo linalopokea maji ya mtaa mzima kuanzia barabara ya lami kule juu, na kuyashusha hadi kwenye kijito kinachoelekea Mto Msimbazi. Zamani lilikuwa mfereji tu wa kuruka. Watu walivyozidi kujenga, mabati yakawa mengi, nyua zikasakafiwa, na korongo likaanza kula viwanja. Masika iliyopita liliondoka na choo na jiko la jirani yangu, na kule chini nyumba mbili za vyumba vya kupanga ziliingiwa maji hadi usawa wa dirisha. Wale wapangaji wana watoto wadogo, na maji yalikuja usiku.

Mtaa ukachangishana. Kikakodiwa kijiko, tipa zikaleta udongo mwekundu uliochanganyika na kifusi, likapandishwa tuta la kukatiza korongo. Kutoka sakafu ya korongo hadi juu ni kama mita 3. Juu pana upana wa mita moja na nusu, watu wamepafanya njia. Chini limepitishwa bomba la plastiki la inchi 6. Kichwa cha tuta ni sawasawa kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, hakuna sehemu iliyoachwa chini ili maji yakizidi yapite hapo. Nilimuuliza aliyesimamia kijiko, akasema bomba linatosha.

Haki lazima isemwe: vuli hii tuta limesaidia. Mvua za kawaida zilipokuja maji yalisimama, yakatoka polepole kwa bomba, wapangaji wakalala pakavu. Ndiyo maana watu wanalipenda, na mimi nikifungua mdomo naonekana napinga maendeleo.

Lakini niliyoyaona yananinyima usingizi. Ile mvua kubwa ya Desemba maji yalipanda hadi shibiri mbili hivi chini ya kichwa cha tuta, kisha mvua ikakata yenyewe. Tangu hapo juu ya tuta pana ufa mrefu unaofuata urefu wake, upande usio na maji, vidole vinaingia. Na kwenye kitako, upande huohuo mkavu, pembeni kabisa mwa bomba, pana mahali hapakauki. Mvua ikinyesha panatoka kijimkondo chenye unene wa kidole, na maji yake yametibuka, yana rangi ya udongo wa tuta lenyewe, ilhali yale ya kwenye bomba yanatoka meupe.

Juu ya hayo, vijana wa mtaani wameziba mdomo wa bomba kwa kiroba cha mchanga ili maji yabaki, wanamwagilia mchicha na matembele. Mmoja ameanza kuzungumzia kufuga perege. Watoto wanaogelea humo jioni.

Swali langu: je, hili tuta ni salama kuingia nalo masika? Kama si salama, kipi kifanyike kwanza, maana Machi si mbali na mfuko wa mtaa umebaki na pesa kidogo?

---

KijanaWaKigogo

Mama Salha shikamoo. Mimi naishi kule maji yenu yanakofikia. Kwetu tukisikia juu kumezuiwa maji tunafurahi, tukisikia yamezuiwa bila mpango tunahamisha godoro. Desemba 2011 nilikuwa mdogo lakini nayakumbuka yale mafuriko, watu wasiopungua 40 walipoteza maisha hapa Dar na wengine wengi wakahamishiwa Mabwepande.

Jambo moja la takataka. Aprili 2024 kule Mai Mahiu, Kenya, taarifa za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye serikali yao ikaeleza kwamba ni njia ya maji chini ya tuta la reli ya zamani iliyozibwa na magogo, mawe na matope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likaachia usiku. Watu wengi walikufa. Lile tuta halikujengwa kuwa bwawa, lilifanywa bwawa na uchafu. Sasa huko kwenu bomba la inchi 6 na mifuko, chupa, pampasi za mtaa mzima! Hata vijana wasipoliziba kwa kiroba litazibwa na mvua ya kwanza ya masika.

---

MzeeWaMalambo

Mama Salha, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umeona vitu ambavyo wasimamizi wengi hawavioni. Nilikuwa fundi sanifu wa maji, nimejenga na kukarabati malambo ya mifugo Dodoma, Singida na Shinyanga hadi nilipostaafu. Nitajibu la haraka kwanza, hesabu nitaifanya ukinipa vipimo.

La leo hii: kiroba kitoke kwenye mdomo wa bomba. Maji yatoke taratibu kwa njia ya bomba, msilete pampu kubwa ya kuyakausha kwa saa moja. Udongo wa upande wa maji umelowa ndani kabisa, na maji yakishuka ghafla unabaki mzito bila kitu cha kuuegemea, unaporomoka. Yakishatoka, yasirudi kukaa. Hapa ndipo ugomvi wenu na wakulima wa mchicha ulipo, na naomba nao wasome. Bwawa la kunyweshea ng'ombe unataka lijae. Bwawa la kuzuia mafuriko unataka liwe tupu saa zote, kwa sababu kinachozuia mafuriko ni ile nafasi tupu. Ndoo uliyoiweka chini ya paa linalovuja, ukiiacha na maji ya jana, mvua ya leo inamwagikia sakafuni. Lambo moja dogo haliwezi kufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja.

Sasa yale maji machafu kwenye kitako. Tuta lolote la udongo huvuja kidogo, na maji ya kuvuja yakiwa meupe tunayaangalia tu na kuyapima. Yakitoka yametibuka maana yake yanabeba udongo wa ndani, na kila chembe inayotoka inaacha tundu. Tundu linakua kurudi nyuma kuelekea kwenye maji, na likifika, tuta linaondoka kwa muda mfupi sana. Kandokando ya bomba ndipo mahali panapoongoza kwa ugonjwa huu, kwa sababu udongo wa chini ya tumbo la bomba ni vigumu kuushindilia, na plastiki ni laini, maji yanateleza nayo. Nimekuta lambo katika mkoa mmoja wa kanda ya kati limekatika hivyohivyo: bomba limebaki linaning'inia hewani, tuta kulia na kushoto limesimama zima, katikati pamekuwa mlango.

Msikimbilie kuziba pale panapotoka maji kwa udongo wa mfinyanzi au saruji. Ukiyaziba hapo yatatafuta pengine. Kwa dharura, mwaga mchanga mkubwa msafi wa mtoni, juu yake kokoto, juu ya kokoto mawe ya kukandamiza. Maji yapite, udongo ubaki. Hii ni huduma ya kwanza tu.

Ule ufa: ukiwa upande mkavu na unafuata urefu wa tuta, ama udongo haukushindiliwa na unashuka wenyewe, ama mteremko wa upande huo ni mkali mno na umeanza kuteleza. Ufunikeni kwa turubai maji ya mvua yasiingie, na njia ya watu ifungwe.

Naomba vipimo hivi: upana wa tuta kwenye kitako, kutoka upande wa maji hadi upande mkavu. Eneo linaloleta maji, pima kwa ramani ya simu kuanzia ule mgongo wa barabara. Na likijaa, maji yanarudi nyuma umbali gani, na upana wake pale kwenye tuta.

---

MchichaFresh

Mimi ni mmoja wa hao vijana, tuseme ukweli. Tumeajiriwa na nani sisi? Yale maji yamekaa bure, tukapanda bustani, mtaa unakula mboga za bei nafuu. Kiroba nimekitoa asubuhi baada ya kusoma alichoandika mzee. Lakini naomba nijibiwe: kiangazi chote korongo ni kavu, Juni hadi Septemba hakuna mvua ya maana. Kwa nini tusizibe miezi hiyo na kufungua masika?

---

MzeeWaMalambo

Kijana wangu, ahsante kwa kukitoa. Swali lako ni zuri. Kwa tuta lililojengwa vizuri inawezekana, na mahali pengine hufanyika hivyo. Kwa hili lenu hapana, kwa sababu linavuja udongo, na kila siku maji yanapokaa nyuma yake lile tundu linakua. Kingine, Dar mvua haifuati kalenda. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu tulikaa macho sote. Nani ana uhakika wa kuamka saa nane za usiku akafungue bomba lililoko chini ya mita tatu za maji? Bomba la bwawa la mafuriko halitakiwi kuwa na koki wala mtu wa kulisubiri. Linakaa wazi mwaka mzima.

Kwa bustani nitakuambia njia nyingine mama akishaleta vipimo.

---

MamaSalha_Kifuru

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Tumekwenda kupima na mwanangu na mjumbe wetu, kwa futi kamba.

Kitako cha tuta ni mita 9. Eneo linaloleta maji, kwa ramani ya simu, ni kama mita 600 kwa 400, karibu ekari 60. Lilipojaa ile siku ya Desemba maji yalirudi nyuma mita 60, na upana pale kwenye tuta ni mita 30.

Mchanga na kokoto tumeweka. Bado panatoka maji kidogo kwa sababu bwawa halijaisha kukauka, lakini leo yametoka meupe.

---

MzeeWaMalambo

Marahaba mama. Vipimo vizuri sana. Sasa twende pole pole, na ningependa mwenyekiti wa mtaa asome hesabu hii mwenyewe.

Kwa korongo la umbo kama hilo, ujazo tunaukadiria kwa kuzidisha urefu, upana na kina, kisha kugawa kwa 6. Kwa hiyo 60 mara 30 mara 3, gawa kwa 6, tunapata mita za ujazo 900. Ni maboza 90 ya lita 10,000. Ukisimama pale juu unaona maji mengi.

Ekari 60 ni hekta 24. Ikinyesha milimita 80 kwa siku moja, kiasi ambacho Dar si cha ajabu wakati wa masika, na nusu yake ikakimbia juu ya ardhi, yanakuja mita za ujazo 9,600. Yaani bwawa lenu likiwa tupu kabisa linashika chini ya sehemu moja ya kumi.

Na yanakuja kwa kasi gani? Mvua ya milimita 60 kwa saa juu ya hekta 24, nusu ikikimbia, inaleta mita 2 za ujazo kila sekunde. Mita 900 zinajaa kwa dakika saba na nusu. Bomba la inchi 6, likiwa safi bila hata jani moja, kwa kina hicho halifiki lita 100 kwa sekunde. Zinaingia lita 2,000, zinatoka chini ya 100. Aliyewaambia bomba linatosha hakupiga hesabu hii.

Zilizobaki zitapita wapi? Juu ya tuta. Na tuta la udongo likipitiwa na maji juu halidumu. Maji yanachimba upande mkavu kuanzia kwenye kitako, yanapanda yakikata, na muda si mrefu ile mita 900 yote inateremka kwa pamoja, pamoja na udongo. Hapo wapangaji wenu wanapata maji ya mvua na maji ya bwawa kwa dakika zilezile. Bila tuta wangepata ya mvua tu. Hilo ndilo linalonifanya niandike kwa urefu. Solai, kule Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba liliachia na watu zaidi ya 40 wakafa. Derna, Libya, Septemba 2023: mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa ajili hasa ya kuzuia mafuriko ya mji yaliachia wakati wa dhoruba Daniel, na waliokufa ni maelfu. Watu walikuwa wamejenga chini yake kwa sababu waliamini wamekingwa.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: si salama, msiingie nalo masika lilivyo.

Sasa kipi kifanyike. Kinachokosekana ni kile tunachokiita utoro wa maji, yaani njia ya maji ya ziada. Unachimbwa pembeni, kwenye ardhi ya asili ambayo haijawahi kuguswa, si juu ya udongo mliojaza. Kwa kuwa mvua za kishindo cha muda mfupi huzidi milimita 60 kwa saa, mimi ningepigia 100, na hapo utoro unahitaji upana wa mita 8, maji yakipita kwa kina cha sentimita 40. Sakafu yake iwe mita 1 chini ya kichwa cha tuta, ili hata siku ya balaa zibaki sentimita 60 za akiba. Uwe na sakafu bapa, uoteshwe nyasi au upangwe mawe, na urudishe maji korongoni mbali na kitako. Fundi akikuambia mita 2 zinatosha, mwombe akuonyeshe hesabu.

Shida ya pili ni umbo. Tuta la mita 3, upande wa maji linatakiwa kulala mita 3 kwa kila mita 1 ya kupanda, upande mkavu mita 2 na nusu, na juu upana wa mita 3. Kitako kinafika mita 19 na nusu. Lenu lina 9. Ndiyo maana limepasuka.

Mna njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza udongo, na jumla yake itabidi ifike zaidi ya mara mbili ya uliopo, wa mfinyanzi safi bila kifusi, ulioloweshwa kidogo na kushindiliwa tabaka kwa tabaka la sentimita 15 hadi 20. Ya pili ni kulishusha hadi mita 2 na kuutandaza udongo pande zote, kitako kifike mita 14. Nimepiga hesabu, udongo mlio nao unakaribia kutosha, mkiuchambua kifusi mtaongeza tipa chache. Mimi nachagua kulishusha, tena bila kusita. Litabaki la kunasa mchanga na kupunguza kishindo cha mvua ndogo. Hata mkichagua la kwanza, mkishaweka utoro mita 1 chini, kina kinachobaki ni mita 2, na ujazo unashuka hadi karibu mita 270. Mtatumia mamilioni kushika mita 270 kati ya 9,600.

Na hapa ndipo namjibu kijana wa mchicha. Nyumba za kule juu zikiwa 200, kila moja ikaweka tangi la lita 2,000 chini ya mfereji wa bati, hizo ni mita za ujazo 400. Zinazidi bwawa lenu lote likishatengenezwa, na hakuna tangi litakaloua mtu likipasuka. Bati la mita za mraba 100 linajaza tangi hilo kwa mvua ya milimita 20. Wakati wa masika koki iachwe inachuruzika kidogo ili tangi liwe na nafasi mvua inayofuata ikija. Masika ikielekea ukingoni, fungeni, mna maji ya bustani.

---

Afisa_wa_Zamani

Mzee ameeleza vizuri, naongeza la vibali kwa sababu mtaa unaweza kuingia matatani bila kujua. Kuzuia maji ya mto au kijito na kujenga bwawa kunasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, na kwa Dar es Salaam wenye mamlaka ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Zipo pia kanuni za usalama wa mabwawa. Aidha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Na msije mkaukata utoro ukatokea kwenye nyumba ya mtu mkadhani limekwisha.

Ushauri wangu: mtendaji wa mtaa aandike barua kwa bodi na nakala kwa mhandisi wa manispaa, aombe mtaalamu aje kukagua. Barua iambatane na vipimo alivyoweka mama Salha na picha za ufa. Maofisini barua yenye vipimo inasomwa tofauti na barua ya malalamiko. Na huko mabonde ya chini kuna mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa hiyo maji ya vijito vya juu yana watu wanaoyafuatilia kwa sasa. Tumieni nafasi hiyo.

---

KijanaWaKigogo

Kitu kimoja sijaona kikitajwa: wale wapangaji. Kibali kinaweza kuchukua muda na mvua haisubiri barua. Sisi huku tuna mti umepakwa rangi, nyekundu ikifikiwa na maji filimbi inapigwa na kila mtu anajua anakimbilia wapi. Wekeni mti wenye alama kila nusu mita nyuma ya tuta, na mtu wa zamu kila mvua ikianza. Wapangaji waambiwe leo, kwa maneno ya wazi, nini kiko juu ya vichwa vyao. Wana haki ya kujua kabla hawajalipa kodi ya miezi sita mingine.

---

MamaSalha_Kifuru

Wadau, kikao kimefanyika jana uwanjani kwa mjumbe. Nilisoma hesabu ya mzee neno kwa neno. Pale kwenye dakika saba na nusu watu walinyamaza, halafu baba mmoja aliyechanga pesa nyingi akasema turudie ile namba. Nikairudia.

Limekubaliwa tuta lishushwe. Barua imeandikwa, mtendaji ameipeleka, na mhandisi wa manispaa ameombwa kuja kabla kijiko hakijagusa kitu. Wapangaji wameambiwa, familia moja imeamua kuhama, tumewatafutia vyumba viwili kule juu kwa kodi ileile. Wa nyumba ya pili wamesema wanabaki, nao wamepewa filimbi na namba za watu wa zamu. Hao wanaobaki sijaridhika nao, na nitaendelea kuwafuata.

Utoro ndio uliotupa kazi. Ukingo wenye ardhi ya asili iliyo imara uko kwenye kiwanja cha mzee mmoja ambaye alikuwa amepanda minazi. Mita 8 ni kubwa kwake. Amekubali kutoa kipande hicho kwa maandishi, mtaa umlipe minazi mitatu na umjengee ukuta wa mawe kulinda kiwanja kilichobaki. Nimemshukuru mbele ya watu na namshukuru tena hapa.

Maswali mawili ya mwisho, mzee wangu. Lile bomba la inchi 6 libaki au litoke? Na udongo wetu nitajuaje kama unafaa kurudishwa, kabla mhandisi hajaja?

---

MzeeWaMalambo

Mfikishie salamu zangu mwenye minazi.

Bomba litoke. Mkiliacha mnafukia tundu lililokwisha kuanza. Chimbueni sehemu yote iliyolizunguka hadi mfikie udongo mgumu, mjaze upya. Mahali pake paingie bomba la zege la kipenyo cha sentimita 60, likae kwenye kitanda cha zege ili chini ya tumbo lake pasibaki uwazi, na lile theluthi la mwisho upande mkavu lizungushiwe mchanga msafi wa kuchuja kabla ya kufukia. Mdomoni wekeni wavu wa nondo uliolala kwa mshazari, si wima, takataka zipande juu yake maji yakiendelea kupita chini. Mtu wa kuusafisha apangwe kwa jina. Mhandisi akitaka bomba kubwa zaidi, msikilizeni.

Udongo: chukua donge mbichi, liviringishe kwenye kiganja mpaka liwe kama unene wa penseli. Likikatikakatika kabla hujafika hapo, mchanga umezidi, na miteremko ya huko kwenu mchanga ni mwingi. Likiviringika vizuri, fanya jaribio la pili, maana huu ndio udongo unaodanganya watu. Weka donge dogo kwenye glasi ya maji masafi kabisa, usitikise, usikoroge, liache dakika 10. Likikaa au likimomonyoka huku maji yakibaki meupe, afadhali. Ukiona wingu linatoka kwenye donge na kutanda chini ya glasi lenyewe bila kuguswa, udongo huo unayeyukia majini, na usirudi kwenye tuta hata kama unaonekana mzuri kwa macho. Chukua madonge sehemu mbalimbali za tuta, juu, katikati na pale pembeni mwa bomba, kila moja na glasi yake.

Juu ya tuta jipya pandeni nyasi za kutambaa. Msipande miti wala migomba, mizizi ikioza inaacha njia za maji. Fuko wakionekana, mashimo yao yachimbuliwe na kushindiliwa wiki hiyohiyo.

Zile glasi zipige picha baada ya dakika 10 uziweke hapa, uandike kila moja imetoka wapi. Ile ya pembeni mwa bomba ndiyo naisubiri zaidi.